Naomba ushauri: kupaka upya rimu za chuma
Wakuu habari, nina rimu 4 za chuma za zamani, hazijapinda ila rangi imebanduka na kutu imeshika hasa kwenye ukingo tairi inapokalia na kuzunguka tundu la valvu. Bajeti ndogo nataka nifanye mwenyewe nyumbani, brashi ya waya, msasa namba 80 halafu 320, nifute na thina, praima ya kutu, ndo nipulize rangi ya kopo mikono myembamba myembamba. Sehemu nati zinapokaa sitapaka, rangi nene pale inaweza kufanya nati zilegee na hilo ni usalama kabisa. Sasa mliowahi kufanya, lazima nitoe tairi kwanza au niifunike tu na nailoni? Na klia (ile rangi angavu ya kumalizia) juu inasaidia kweli au kokoto zikigonga inabanduka tu?