Mama akiulizwa husema hajambo, lakini akigeuzwa kitandani hukunja uso

Swali

Ndugu wasomaji, mama yangu ana umri wa miaka 84, na anaishi katika makao ya kutunzia wazee tangu alipovunjika nyonga. Ana kisukari cha miaka mingi, na kumbukumbu zake zimefifia kiasi cha kutojua siku wala saa. Kila asubuhi huulizwa kama anaumwa, naye hujibu kwamba hajambo, basi katika jalada lake huandikwa kuwa hana maumivu. Hata hivyo, kila ninapokuwapo wakati wa kuogeshwa humwona akikunja uso na kung'ang'ania reli ya kitanda, na mara mbili amempiga mhudumu. Sasa wanasema amekuwa mkorofi, na huenda akapewa dawa ya kumtuliza. Ni mambo gani humweka mzee kama huyu katika hatari ya kuwa na maumivu, na nitayatambuaje ikiwa mwenyewe hayasemi?

Jibu la 1 (muuguzi wa wazee)

Pole sana kwa kuuguza. Neno "sijambo" humtoka mtu kwa mazoea hata akiwa na homa kali, kwa hiyo jibu hilo pekee halitoshi kujaza jalada. Aulizwe kwa maneno mafupi akiwa anaguswa mahali penyewe: "Hapa panauma?" Wazee wengi waliopoteza kumbukumbu bado huweza kujibu swali la namna hiyo, ingawa hawawezi kueleza walivyolala jana.

Asiyeweza kujibu hutazamwa. Kipo kipimo kiitwacho PAINAD, kilichochapishwa mwaka 2003, ambacho huangalia mambo matano: upumuaji, sauti za kulalamika, uso, mkao wa mwili, na kama mgonjwa anabembelezeka. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, na jumla haizidi 10. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kukitumia mzee akiwa ametulia kitini. Maumivu ya nyonga huonekana anapogeuzwa, anaposimamishwa au anapovishwa, na huo ndio wakati wa kupima.

Jibu la 2 (daktari)

Katika maelezo yako, visababishi vya hatari vimekwisha kujitaja. Nyonga iliyovunjika huweza kuendelea kuuma muda mrefu baada ya mfupa kuunga; kisukari huharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguu, na kuleta maumivu ya kuchoma au ganzi; na mtu asiyetembea viungo vyake hukakamaa, ngozi yake ikapata vidonda vya mgandamizo kwenye kiuno na visigino. Ongeza kuchakaa kwa viungo, ambako ni chanzo kikubwa kuliko vyote katika makao ya wazee, pamoja na kiharusi, saratani, meno mabovu na choo kigumu. Sonona nayo huandamana na maumivu, na kila moja humzidisha mwenzake. Kupotewa na kumbukumbu hakupunguzi maumivu. Kunapunguza uwezo wa kuyasema, na ndiyo maana wazee hawa hupewa dawa za maumivu kwa uchache kuliko wenzao wanaoumwa vivyo hivyo.

Kuhusu ukorofi, utafiti uliofanyika Norway na kuchapishwa mwaka 2011 ulihusisha wakazi 352 wa makao ya wazee, wote wakiwa na ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na fadhaa, yaani kuhangaika na kuzua vurugu. Waliotibiwa maumivu kwa utaratibu wa hatua, wengi wao kwa parasetamoli isiyozidi gramu 3 kwa siku, walipungukiwa na fadhaa kwa asilimia 17 katika wiki 8 wakilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo mwombe daktari wake ajaribu kwanza kutibu maumivu, kabla ya dawa ya kumtuliza, ambayo huweza kumfanya aanguke tena. Msimpe ibuprofeni au diklofenaki kwa uamuzi wenu, kwa kuwa katika umri huo, tena akiwa na kisukari, figo na tumbo vimo hatarini. Akifikia kuhitaji mofini, dawa kali ya maumivu ambayo hufunga choo, dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyo hiyo.

Jibu la 3

Mimi nilimwuguza baba katika hali kama hiyo, na kilichonisaidia ni daftari. Niliandika saa, alichokuwa akifanyiwa na alivyoitikia. Daktari alipoona kwamba kelele zote ziliangukia wakati wa kuvishwa shati, alimpima bega lililokuwa limekakamaa, ambalo hakuna aliyeligusa kwa miezi.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Jana niliomba mama apimwe wakati wa kuogeshwa, na muuguzi wa zamu akakubali: alipata alama 7, na alipolazwa akatulia alipata 1. Alama zote mbili zimeandikwa katika jalada, na daktari ataonana nasi Alhamisi. Nitamwomba pia amvue soksi amtazame visigino.