Ushauri: Mke wangu alitokwa damu nyingi uzazi wa kwanza, ajifungulie wapi safari hii?

Mleta uzi: Habari zenu wanajukwaa. Mke wangu ana ujauzito wa miezi saba na tunaishi Marangu. Alipojifungua mtoto wa kwanza katika kituo kimoja cha afya alitokwa damu nyingi, na kwa kuwa damu hiyo iliishia kwenye kanga na mashuka, hakuna aliyejua kiasi chake mpaka alipopoteza fahamu. Mama mkwe anataka binti yake ajifungulie karibu na nyumbani ili amhudumie (mtori umekwisha pangiwa ratiba), lakini mimi nataka Moshi mjini. Nasikia upo utafiti mpya kuhusu jambo hili. Naomba ushauri.

Mkunga Mstaafu: Ndugu, historia hiyo peke yake yatosha kumpeleka hospitali yenye damu ya akiba na chumba cha upasuaji, kama vile Mawenzi au KCMC. Mtori unaweza kumfuata mjini.

Utafiti unaousikia bila shaka ni ule wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ambao ulihusisha wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida katika hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Mama hutandikiwa plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, damu inaingia humo na mkunga anaisoma badala ya kuikadiria kwa macho. Ikifika mililita 500, au hata 300 ikiwa mapigo ya moyo au presha haviko sawa, anapewa huduma zote kwa mkupuo bila kungoja moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine: kukandwa mji wa mimba, dawa ya kuubana, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda), dripu, na kukaguliwa chanzo cha damu. Kutokwa damu kupita lita moja, upasuaji wa tumbo kwa ajili ya damu hiyo na vifo vitokanavyo nayo, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Kwa hiyo, ulizeni kliniki wanapimaje damu baada ya mtoto kuzaliwa. Swali hilo halina utovu wa adabu.

Baba Wawili: Kama hiyo traneksamiki inasaidia, kwa nini asichomwe mapema, mara tu mtoto anapotoka, kabla damu haijaanza kumwagika?

Mkunga Mstaafu: Jambo hilo limekwisha jaribiwa, ndugu yangu, na Tanzania ilishiriki. Utafiti wa WOMAN-2, uliotolewa pia mwaka 2023, uliwapa dawa hiyo wanawake wenye upungufu wa damu mara baada ya kujifungua, na idadi ya waliotokwa damu nyingi ikawa karibu sawa na ya wasiopewa: asilimia 7.0 ya waliopewa kwa 6.6 ya wasiopewa. Dawa hiyo ni ya kutibu, na inafaa itolewe ndani ya saa tatu tangu mtoto azaliwe. Kilichoonekana wazi ni kwamba kadiri damu ya mama ilivyokuwa pungufu, ndivyo hatari ilivyozidi. Mkeo apimwe wingi wa damu wiki hii, wala asiache vidonge vya kuongeza damu kwa sababu ya kichefuchefu, amweleze mhudumu.

Mleta uzi: Nashukuru sana, mama. Kipimo cha mwisho kwenye kadi yake ni cha miezi miwili iliyopita. Je, ndugu zetu waende kuchangia damu sasa?

Mkunga Mstaafu: Waende sasa. Na mkeo ahamie mjini kabla uchungu haujaanza, kwa kuwa Marangu usiku usafiri ni wa shida.