Mafundi sola wa magari ya kambi, acheni kumuuzia mtu betri mpya wakati ugonjwa uko kwenye waya

Wakuu,

Huu uzi ni wa hasira na sitaupaka sukari. Kila msimu wa wageni ni yale yale. Land Cruiser yenye hema la paani, friji nyuma na paneli juu inatoka Arusha kila kitu kikiwaka. Usiku wa pili Seronera, katikati ya Serengeti, friji inalia, inazima, nyama inaharibika. Gari linarudi gereji, fundi anashika tester sekunde tano, anatangaza: "Betri imekufa." Mteja anatoa hela, inafungwa nyingine palepale, kwa waya ule ule. Baada ya miezi michache na hiyo "imekufa". Betri haikufa, imeuawa, na aliyeiua ndiye anayekuuzia ya pili.

Naanza na waya kwa sababu hapo ndipo uharibifu mwingi unapoanzia. Mnachukua waya wa nyumba wa 2.5 (yaani milimita za mraba za shaba, siyo kipenyo; namba zote za waya humu ni hivyo), ule wa kufungia soketi ukutani, mnauvuta kutoka kwenye kontrola (kile kiboksi kinachoongoza chaji ya paneli) hadi betri mita 5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu ni mita 10. Ukipitisha ampia 10 humo unapoteza karibu volti 0.7. Kwenye umeme wa 230 hakuna atakayeona. Kwenye mfumo wa volti 12 ni msiba, maana kontrola inapima volti kwenye vichwa vyake yenyewe. Yenyewe inaona 14.4 na kuamini betri iko kwenye hatua ya kujaa, kumbe betri inaonja 13.7. Inapunguza chaji mapema, saa za jua zinakwisha, betri inalala haijajaa. Rudia hivyo siku 30 mfululizo: salfeti inaganda kwenye bamba za risasi, uwezo unashuka, halafu mnasema betri ni feki.

Dawa yake ni nyepesi mno, ndiyo maana inauma. Kontrola ikae karibu na betri, isizidi mita moja, na hapo katikati papite waya wa milimita 10. Safari ndefu ifanywe na waya wa kutoka kwenye paneli, wa milimita 6, wenye nyuzi nyembamba nyingi na ganda linalovumilia jua. Waya wenye uzi mmoja mnene hauna kazi kwenye gari. Mtikisiko wa barabara ya lango la Naabi hadi Seronera peke yake unatosha kuukata ndani ya ganda, na nje usione kitu.

Upande wa friji ni dhambi ile ile. Waya wa 1.5 unapelekwa nyuma mita 4, unaishia kwenye soketi ya kiberiti cha sigara. Kompresa ikivuta ampia 6, zaidi ya nusu volti inapotea njiani. Betri iko 12.1, yaani imebaki na karibu nusu, lakini friji inaona 11.5, inajikinga na kujizima. Ile soketi nayo inalegea kwa mtikisiko, inapata moto, plastiki inayeyuka. Weka waya wa 6, fyuzi ya ampia 15, na plagi inayojifunga, siyo ya kusukuma tu.

Kabla hujanunua betri yoyote, fanya hivi: friji ikiwa inavuta, pima volti kwenye nguzo za betri, kisha pima kwenye plagi ya friji. Tofauti ikizidi 0.3, mwenye kosa ni waya au kiungo. Kipimo hiki ni cha dakika mbili na hakina gharama. Fundi asiyekifanya anakuibia.

Sasa kontrola. Kuna vile viboksi vyepesi vya bluu vimeandikwa MPPT ubavuni, ndani ni PWM tupu, yaani ile rahisi inayounga paneli na betri moja kwa moja bila kubadili volti. Saa sita mchana, betri ikiwa bado haijajaa, chukua klampu mita (kipimo kinachobana waya bila kuukata) inayosoma DC, umeme wa betri na paneli, pima ampia zinazoingia kutoka kwenye paneli na zinazotoka kwenda betri. Zikiwa sawa sawa, hiyo ni PWM. MPPT ya kweli inashusha volti na kuongeza ampia, kwa hiyo upande wa betri lazima zizidi. Hili linaleta hasara kubwa zaidi mnapopandisha paani paneli ya nyumba ya wati 250 yenye seli 60. Paneli hiyo hufanya kazi kwenye volti 30 hivi na ampia 8 na kitu. PWM inaiburuza hadi volti za betri, 13, na unabaki na wati 107 hivi. Mteja kalipia 250! Nyingine zaidi ya nusu zinapotelea juani.

Na mipangilio mnaiacha kama ilivyotoka kiwandani. Betri ya jeli haitaki kuzidi 14.1 hadi 14.4. Ya maji inahitaji 14.4 hadi 14.8, na mara mojamoja ile chaji ya kusawazisha seli zote zilingane, inayopanda zaidi ya 15. Ukiipa jeli chaji hiyo ya kusawazisha, inatoa gesi, inakauka, na haina mahali pa kuongeza maji. Lithiamu ya fosfeti ni 14.2 hadi 14.6 na kusawazisha kuzimwe kabisa. Ni vitufe viwili vya kubonyeza, jamani.

Kwa magari yenye paa la kufunguka, kuna kosa linalorudiwa kila mahali: waya unapita kwenye bawaba umekazwa kama kamba ya gitaa. Paa likipanda waya unavutika, likishuka unabanwa, ganda linachubuka, chanya inagusa bodi. Acha kitanzi cha ziada, kivishe bomba laini, kifunge pande zote mbili ili kinachojikunja kiwe kitanzi na siyo kiungo. Viungo vyenyewe vibanwe kwa koleo lake maalumu. Kusokota waya na kuzungushia solotepu hakufai hata kwenye redio. Hata kulehemu kwa risasi peke yake hakutoshi: waya unakuwa mgumu pale risasi inapoishia, na hapo hapo mtikisiko unaukata.

La mwisho kwangu ni fyuzi, na hapa hasira inazidi kwa sababu watu wanalala juu ya hayo magari. Inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ya wati 1000 ikifanya kazi kamili inavuta karibu ampia 95 kwenye volti 12. Inataka kebo ya milimita 25 au 35, na fyuzi kubwa ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Mimi naona kebo za 10 bila fyuzi yoyote, au breka ya nyumbani ya AC. Breka ya AC inategemea umeme unaopita sifuri mara 100 kwa sekunde ili cheche izimike. DC haipiti sifuri. Cheche inaendelea kuwaka ndani ya breka huku mnaamini imekata.

Fundi anayebisha aje na vipimo.

#2
Mkuu umemaliza, ila umeacha alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Wengi wanaunganisha betri ya pili moja kwa moja na ya kuwashia, chanya kwa chanya, bila hata rilei, yaani swichi inayojiunga na kujiachia yenyewe. Usiku friji inanyonya zote mbili, asubuhi gari linasukumwa na wageni. Rilei inayosoma volti inaunga kwenye 13.3 na kuachia kwenye 12.8, inatosha kwa gari la zamani lenye betri za risasi. Magari mapya yenye alteneta inayoongozwa na kompyuta hushusha volti ukiwa safarini, rilei inaachia na betri ya pili haijai. Hapo unahitaji chaja ya DC kwa DC. Ukiweka lithiamu ndiyo lazima kabisa, kwa sababu lithiamu inakunywa kila ampia inayopewa, hadi alteneta inaweza kuungua.

#3
Huku Kenya kanuni za sola zinataka fundi awe na leseni, na bado magari yanatoka gereji hivyo hivyo. Swali: paneli yangu imeandikwa 300W lakini ni ndogo. Nitajuaje?

#4 (mwenye uzi)
Pima kwa futi kamba, ndugu. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri inatoa kama wati 200 hadi 220. Paneli ya sentimita 120 kwa 54 ni mita za mraba 0.65, haiwezi kuvuka 145 hivi hata iandikwe nini. Na lithiamu ipande kwenye mizani: ya ampia-saa 100 ina kilo 10 hadi 13. Ikifika 25, umeuziwa risasi iliyovalishwa jina.

Nashukuru #2. Alteneta kweli niliiruka.

#5
Na paneli kulazwa bapa juu ya bati la paa bila nafasi ya hewa? Nimeona nyingi zimegundishwa hivyo.

#6 (mwenye uzi)
Kosa, tena kubwa. Kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 inakula karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Paneli ikifika nyuzi 65, asilimia 16 zimekwenda. Iinue sentimita 3 hadi 5. Angalia pia kivuli cha madumu na cha hema likifunguliwa: kivuli cha upana wa kiganja kikiangukia seli chache kinaweza kuua theluthi ya paneli.

Vumbi lifute asubuhi paneli ikiwa ya baridi, maji ya kawaida na kitambaa laini, siyo mashine ya presha. Na ukifungua mfumo, toa paneli kwanza halafu betri. Ukirudisha, betri kwanza, paneli mwisho. Kontrola nyingi zinatambua mfumo ni wa volti 12 au 24 kutoka kwenye betri. Ukianza na paneli unaweza kuiunguza papo hapo, na mafundi wengi wanafanya hivyo mbele ya mteja.

Ukipokea gari gerejini usimalizie malipo kabla fundi hajakupimia volti kwenye betri, kwenye kontrola na kwenye plagi ya friji, friji ikiwa inavuta. Akikataa, ondoka na funguo zako.