Amefuta mdomo kwa uso wangu! Hivi kampeni za chama cha wafanyakazi kiwandani zina wenyewe?

Mtoto wa Igogo (mleta mada):
Wakuu, naandika nikiwa nje ya geti, buti la mpira sijavua, na simu ikizima chaji nitaendelea kwa mkaa ukutani.

Yule bwana, mwenyekiti wetu wa tawi. Mnamjua. Kila aliyewahi kushika kisu cha minofu Mwanza hii anamjua, na asiyemjua amewahi kusikia kikohozi chake kwenye kipaza sauti. Leo saa ya chakula, kantini, mbele ya shifti nzima, kapokea kipeperushi changu cha kampeni chenye picha yangu, picha ya studio, nimevaa tai ya shemeji. Akaitazama. Akaikunja mara mbili. Akafuta mdomo. Mafuta ya sato! Halafu akanirudishia mkononi: "Asante kijana, tishu zilikuwa zimeniishia."

Shifti nzima ikaangua kicheko. Hata mlinzi wa geti, ambaye mara ya mwisho kucheka Mwalimu alikuwa bado Ikulu, leo kaonyesha meno.

Nagombea ukatibu wa tawi tu jamani, sijagombea ubunge wa Nyamagana. Na masharti waliyobandika ubaoni nimeyafuata yote kama mtoto wa madrasa: hakuna kampeni saa za kazi, hakuna kampeni kwenye meza za kukatia, hakuna kampeni chumba cha baridi, vipeperushi ni mapumziko tu. Yeye je? Saa nne asubuhi anapita mezani na koti jeupe, anashika bega la huyu, anashika bega la yule, "tuko pamoja?" Visu vinasimama, sangara wanayeyuka, msimamizi anahesabu taa za darini. Ukiuliza unaambiwa hiyo siyo kampeni, mwenyekiti anakagua hali za wanachama. Miaka mitano hali zetu zilikuwa likizo? Na kipaza sauti cha kuitia zamu siku hizi kinaanza na salamu zake kabla ya kutaja zamu. Mimi nikisema "habari za leo" kwa sauti ya kawaida, natatiza uzalishaji.

Hayo nasamehe. Soda alizogawa nasamehe, moja nimekunywa mwenyewe. Lakini MDOMO? Vile vipeperushi nimechapisha Makoroboi kwa hela yangu, na ni vya rangi! Angekichana ningemwelewa, watu wanachana. Angekitupa ningekiokota. Kufutia mdomo ndiyo mtindo gani? Na alifuta taratibu, wakuu. Kona hii, halafu kona ile. Jicho langu la kushoto limeingia mpaka kwenye jino lake.

Sheria inasemaje mtu akifutia mdomo mgombea halali?

Ngosha Mtulivu:
Weka picha ya kipeperushi. Kabla na baada.

Mama Dagaa:
Pole mwanangu. Ila sato kantini? Kiwanda gani hicho? Sisi huku tunazalisha minofu ya kwenda Ulaya, mchana tunakula maharage. Nahisi hii chai.

Mtoto wa Igogo:
Mama, sato alikuja naye kwenye hotpoti. Wapambe wanampikia kwa zamu. Ndiyo maana tishu zilimwishia, alikuwa amekula vichwa viwili.

Kiboko wa Nyegezi:
Samahani, kwani wewe kura ya mwenye mafuta ya sato huitaki?

Wakili wa Kijiweni:
Mleta mada, punguza jazba usome. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 60, inampa mwakilishi wa chama haki ya kuingia eneo la mwajiri, kusajili wanachama, kuongea nao, kufanya mikutano, na wanachama kupiga kura za chama chao humo humo. Lakini kifungu hicho hicho kinakubali kuwekwa masharti ya muda na mahali, mradi yawe ya maana: kulinda watu na mali, au kuzuia kazi isivurugike kupita kiasi. Kwa hiyo tangazo la ubaoni lenyewe si kosa. Watu wenye visu wakihutubiwa, kidole kinaweza kwenda Ulaya ndani ya boksi. Kosa ni likikufunga wewe na kumwacha yeye. Chukua katiba ya chama na kanuni za uchaguzi, andika barua kwa msimamizi wa uchaguzi, taja kipaza sauti, taja saa nne asubuhi, taja mashahidi. Nakala moja baki nayo, iwe na muhuri wa kupokelewa.

Mtoto wa Igogo:
Nimekuelewa mkuu, barua naandika. Sasa kwenye mdomo niandike kifungu gani?

Wakili wa Kijiweni:
Mdomo uache.

Mtoto wa Igogo:
Siuachi.

Mbeba Boksi:
Huku Marekani nilipo hayo mambo hayapo. Sheria yao ya mwaka 1959 inakataza fedha za chama na fedha za mwajiri, yeyote yule, kumpigia debe mgombea wa uongozi wa chama. Kipaza sauti cha kiwanda kingehesabiwa humo, na uchaguzi unaweza kufutwa urudiwe. Halafu ile kura ya wafanyakazi kuamua kama wanakitaka chama au hapana, tangu 1953 ni marufuku mwajiri au chama kuhutubia umati wa wafanyakazi kwa muda wa kazi ndani ya saa 24 kabla ya kura.

Kiboko wa Nyegezi:
Mbeba Boksi ukiulizwa bei ya nyanya Mabatini utaanza na Marekani. Mleta mada yuko nje ya geti na buti la mpira, wewe unampa mwaka 1959.

Mbeba Boksi:
Elimu haina mwisho.

Kisu Kikali:
Mimi nimo shifti hiyo hiyo, nilikuwa meza ya pili. Mleta mada anaficha jambo. Ile picha ni ya kabla hajapoteza nywele. Watu tulikuwa tunaulizana huyu kijana mzuri ni nani na kwa nini hakuja mwenyewe. Mzee alikuwa anahakikisha tu kama wino ni halisi.

Mtoto wa Igogo:
Wapambe mmefika! Muulizeni huyu Kisu Kikali soda alikunywa ngapi.

Kisu Kikali:
Tatu. Na kura yangu sijasema.

Ngosha Mtulivu:
Mleta mada ni ke au me? Na kipeperushi bado hatujakiona.

Mama Dagaa:
Tuseme ukweli, hao viongozi wote ni wale wale. Sheria inasema wanachama mkizidi 100 kazini mnakuwa na wawakilishi 15. Kumi na tano! Mimi zamu ya usiku sijawahi kumwona hata nusu ya mmoja. Uchaguzi ukikaribia ndiyo wanagundua kwamba usiku nao kuna binadamu.

Mpiga Debe Buzuruga:
Afadhali nyie mna wa kuwafutia mdomo. Mimi si mwanachama wa chochote, sijajaza fomu, na mshahara unakatwa. Nikauliza, naambiwa ada ya uwakala. Uwakala wa nini? Nimemtuma nani?

Wakili wa Kijiweni:
Hiyo ipo kisheria, kifungu cha 72. Chama chenye wanachama wengi hapo kazini kikikubaliana na mwajiri, asiye mwanachama naye anakatwa, kwa sababu nyongeza ya mshahara wakiipata na wewe unaila. Ila kukulazimisha uwe mwanachama hawaruhusiwi.

Mpiga Debe Buzuruga:
Nyongeza ipi? Nitajie mwaka.

Mtoto wa Igogo:
Wakuu turudi kwenye mada. Alifuta KONA ZOTE MBILI.

Mwalimu wa Sengerema:
Mnalalamika nini nyie? Mimi ni mwalimu, nakatwa kila mwezi bila kukosa hata senti, na malipo yangu ni fulana ya Mei Mosi. Mwaka huu nimepewa ya mtoto wa darasa la pili. Nilipita nayo mbele ya mgeni rasmi kitovu kikiwa nje na wanafunzi wangu wako pembeni ya barabara wanapiga makofi.

Mama Dagaa:
Mwalimu nimecheka mpaka nimeamsha mtoto.

Ngosha Mtulivu:
Mwalimu, weka picha.

Mpiga Debe Buzuruga:
Huyo Ngosha anataka picha ya kila kitu. Mwalimu, kwani fulana hamchagui saizi?

Mwalimu wa Sengerema:
Tunajaza karatasi kabisa. Nimeandika kubwa sana, nikapigia na mstari. Zile kubwa zimekwenda kwa wajumbe wa kamati, nao ni wembamba hatari.

Mtoto wa Igogo:
Wakuu?

Kisu Kikali:
Mwalimu, fulana za Mei Mosi kubwa ninazo mbili, hazijawahi kuvaliwa. Una nini?

Mwalimu wa Sengerema:
Shemeji yangu anatoka Ukerewe kesho, ana dagaa. Nakupa sado moja.

Kisu Kikali:
Sado mbili. Na wasiwe wa kuanikwa mchangani.

Mama Dagaa:
Kwa fulana ya bure unataka sado mbili? Mwalimu usikubali, mimi nakupa kitenge kwa sado moja na nusu.

Mwalimu wa Sengerema:
Kisu Kikali, ni za rangi gani hizo?