Mjadala: Visiwa vya Hawar, je, Sheikh wa Qatar aliridhia kweli Mwingereza aamue?

MTOA MADA

Wakuu, salaam. Naleta mezani jambo la Ghuba ambalo huku kwetu hupitiwa juu juu, na watu wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu zetu za kulielewa. Swali ni hili: mtawala asiye na uwezo wa kukataa, akiambiwa na dola inayomlinda "leta madai yako tuyaamue", naye akayaleta, je, hapo ameridhia? Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilijibu ndiyo, tarehe 16 Machi 2001, katika kesi ya Qatar na Bahrain. Mimi nasema hapana.

Kwa wasioifuatilia habari hii: Hawar ni visiwa vilivyo karibu kabisa na pwani ya magharibi ya Qatar, unaviona kwa macho ukiwa nchi kavu. Kutoka kisiwa kikuu cha Bahrain ni takriban kilomita 20 za bahari. Lakini ni vya Bahrain. Al Khalifa wanaotawala Bahrain waliweka makao kwanza Zubarah, mji wa lulu ulio upande wa kaskazini-magharibi wa Qatar, kisha wakaiteka Bahrain mwaka 1783. Al Thani wa Qatar walianza kutambuliwa na Waingereza 1868, Kanali Lewis Pelly alipofanya makubaliano na Mohammed bin Thani baada ya Bahrain na Abu Dhabi kuishambulia miji ya Qatar ya Doha na Wakra mwaka mmoja nyuma. Waturuki wakaingia Qatar 1871, wakatoka 1915. Mwaka uliofuata Sheikh Abdullah bin Jassim akasaini mkataba na Uingereza, na humo akajifunga kutoshughulika na dola nyingine wala kutoa ardhi yake kwa yeyote bila idhini ya Waingereza. Naomba mkishike kifungu hicho, kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu yake.

Kisha yakaja mafuta. Bahrain yalipatikana 1932. Qatar ikatoa haki ya kuyatafuta kwa Anglo-Persian, kampuni ya mafuta ya Waingereza, mwaka 1935. Kufikia 1936 kampuni zilikuwa zinagombea eneo la Bahrain lililobaki, na kila moja ilitaka kujua Hawar ni ya nani kabla ya kuweka saini. Aprili mwaka huo Charles Belgrave, Mwingereza aliyekuwa mshauri wa Sheikh wa Bahrain, akaandika barua kudai visiwa kwa niaba ya bwana wake. Julai, miezi mitatu tu baadaye, serikali ya London ilikuwa tayari na rai ya muda kwamba ni vya Bahrain. Sheikh wa Qatar hakuulizwa neno. Mwaka 1937 Bahrain ikaweka askari wake kisiwani.

Sheikh Abdullah alipolalamika mwaka 1938, Hugh Weightman, wakala wa Uingereza aliyekaa Bahrain (ndiyo, Bahrain, na ndiye aliyeshughulikia mambo ya Qatar pia), alimwandikia Mei 20 awasilishe madai yake rasmi, serikali ya Mfalme itayaamua kwa haki. Sheikh akajibu Mei 27. Bahrain ikatoa hoja zake, Qatar ikazijibu, Weightman akaandika ripoti ya kuipa Bahrain. Tarehe 11 Julai 1939 Trenchard Fowle, mkubwa wa Waingereza wa Ghuba nzima, akawaandikia masheikh wote wawili: serikali imeutazama ushahidi, Hawar ni ya Bahrain. Mistari michache, na sababu haikutajwa hata moja. Sheikh Abdullah alipinga mwezi uliofuata na kutaka kujua sababu. Akajibiwa kwamba jambo limekwisha.

Hiyo ndiyo barua ambayo majaji 12 kati ya 17 waliisimamia miaka 62 baadaye. Walikubali kwamba haukuwa usuluhishi wa kisheria wenye wasuluhishi waliochaguliwa na pande mbili. Lakini wakasema barua inazifunga pande zote mbili kisheria, kwa kuwa wote wawili walikubali 1938 kwamba Uingereza iamue. Watano walikataa, na miongoni mwao walikuwamo Mohammed Bedjaoui wa Algeria, Raymond Ranjeva wa Madagascar na Abdul Koroma wa Sierra Leone, walioandika pamoja maoni yao ya kupinga. Waafrika watatu. Sidhani kama ni bahati tu kwamba watu waliotoka katika nchi zilizokatwa kwa rula waliutazama ule "ukubali" kwa jicho jingine.

Karibuni. Wenye hoja tofauti nawasubiri zaidi.

MDAU, MOMBASA

Mtoa mada, ahsante, umeeleza vizuri, ila umeruka kitu kikubwa: watu wenyewe wa Hawar. Umeongea habari za masheikh na mawakala na makampuni, hukutaja kabila la Dawasir hata mara moja. Hawa walikuwa raia wa Sheikh wa Bahrain, wakivuka kila mwaka kwenda Hawar kuvua samaki na kukata jasi. Kuna mahodhi ya kukingia maji ya mvua, kuna makaburi. Maji ya kunywa hakuna kisiwani, kwa hiyo mtu anayechonga hodhi kwenye mwamba si mpita njia, amekusudia kurudi. Qatar ililetea mahakama hoja gani ya kulingana na hiyo? Ukaribu wa pwani. Ukaribu peke yake haujawahi kumpa mtu kisiwa, angalia ramani ya bahari yoyote.

Na kanuni hiyohiyo ya nani anaonekana pale iliigharimu Bahrain kwa upande wa pili. Zubarah ilikuwa na machungu yake, Al Khalifa wana makaburi ya mababu huko, na kabila la Naim walidaiwa kuwa raia wao. Lakini mwaka 1937 Sheikh wa Qatar aliwashinda Naim kwa nguvu na tangu hapo mamlaka ikawa yake. Mahakama ikampa Zubarah, majaji wote kwa sauti moja. Mbona hilo hujalilalamikia?

La mwisho. Sisi Afrika tulikubali Cairo, Julai 1964, kwamba mipaka tuliyorithi siku ya uhuru tutaiheshimu, Mwalimu Nyerere akiwa mstari wa mbele, Somalia na Morocco wakikataa. Tulijua fika mipaka ile ni dhuluma. Tuliikubali kwa sababu kuifumua kungetumwagia damu. Ukitaka kila barua ya mkoloni ipimwe upya kama iliandikwa kwa haki, anza na ile ya Berlin.

MDAU, MUSCAT

Salaam aleikum jamaa. Mimi niko huku Ghuba miaka mingi, na nataka niongeze mfano ambao unamsaidia mtoa mada kuliko huo wa Hawar. Uqair, 1922.

Mwishoni mwa Novemba mwaka ule Sir Percy Cox, mwakilishi mkuu wa Uingereza Iraq, alikutana na Ibn Saud, mtawala wa Najd (Saudia ya baadaye), kwenye bandari ya Uqair, upande wa Al-Ahsa, mashariki ya Arabuni. Iraq ilikuwa na mjumbe wake. Kuwait "iliwakilishwa" na Meja More, wakala wa Uingereza aliyekaa Kuwait. Mtawala wake, Sheikh Ahmad al-Jabir, mwenyewe hakuwepo. Siku zikapita watu wanavutana juu ya visima na malisho, mwisho Cox akachukua kalamu nyekundu akachora mipaka mwenyewe kwenye ramani. Kuwait ikapoteza karibu theluthi mbili ya eneo ambalo mkataba wa Waingereza na Waturuki wa 1913 ulikuwa umeitambulia. Mkataba ule haukuwahi kuidhinishwa, sawa, lakini Waingereza ndio walioutia saini. Pakaachwa maeneo mawili ya katikati yasiyo ya mtu, moja kati ya Najd na Iraq, jingine kati ya Najd na Kuwait. Hilo la pili likaja kutoa mafuta, ikabidi Saudia na Kuwait waligawane miaka ya 1960.

Sheikh Ahmad aliletewa habari imekwisha pikwa. Ataikataa kwa jeshi gani? Hapo hata ile barua ya Mei 27 haipo. Kwa hiyo ndugu yangu wa Mombasa, Abdullah wa Qatar angalau aliulizwa.

Na watu wa pwani mkumbuke: Oman na Zanzibar zilitenganishwa 1861 kwa uamuzi wa Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, Zanzibar ikalipa Muscat riale 40,000 kila mwaka. Pale Sayyid Majid wa Zanzibar na Sayyid Thuwaini wa Muscat walikubali mbele ya uamuzi kwamba Canning aamue. Ni mtindo uleule wa Hawar, ila Canning alitoa sababu zake kwa maandishi.

MTOA MADA

Nimewasoma. Naanza na Mombasa.

Habari ya Dawasir ni kweli, na ni hoja nzito. Tena ni hiyohiyo ninayoidai! Mahakama ingekaa, ikapima mahodhi na makaburi, ikasikiliza Qatar inasema nini juu ya msimu na wavuvi, ikaamua Hawar ni ya Bahrain kwa sababu hiyo, mimi nisingefungua uzi huu. Haikufanya hivyo. Ilisema wazi kwamba kwa kuwa barua ya 1939 inafunga, haina haja ya kuamua hoja za umiliki wa asili, wala za mamlaka yaliyotumika kisiwani, wala ile kanuni ya kurithi mipaka ya kikoloni ambayo Bahrain iliileta. Kwa hiyo Dawasir uliowataja wewe hawakuamua lolote. Kilichoamua ni mistari michache ya Fowle.

Hapo pia ndipo Cairo 1964 inapoachana na Hawar. Cairo walikaa wakuu wa nchi huru, wakapima hasara na faida, wakachagua wenyewe. Ule ni uamuzi wetu hata kama mistari ni ya wengine. Abdullah hakuwa na nafasi hiyo. Mkataba wa 1916 ulimfungia milango yote mingine: asingeweza kwenda kwa Ibn Saud, asingeweza kwenda kwa Mmarekani, asingeweza kwenda mahakama yoyote duniani. Mlango uliobaki ni wa Weightman. Kuingia kwa mlango pekee uliopo hakuitwi kuridhia.

Muscat, shukrani sana kwa Uqair. Nakubali Sheikh Ahmad alidhulumiwa zaidi.

MDAU, DAR

Wakuu, mnaongea kama Qatar ni malaika. Qatar ilipeleka The Hague nyaraka 82 ambazo Bahrain ilizipinga kuwa ni za kughushi, na mwaka 1998 Qatar yenyewe ikatangaza haitazitegemea tena. Kabla ya hapo, Aprili 1986, wanajeshi wa Qatar walishuka kwa helikopta Fasht ad Dibal, mwamba unaozama maji yakijaa, wakawakamata wafanyakazi wa kigeni waliokuwa wakijenga pale kwa ajili ya Bahrain. Vita ilikuwa inanukia, Saudia ikaingia kati. Baada ya 2001? Pande zote mbili zimeukubali uamuzi. Hilo mbona hamlipi uzito wake?

MTOA MADA

Mkuu, nalipa uzito wote. Sisemi Hawar irudishwe. Qatar ndiyo iliyofungua kesi Julai 1991, ikashindwa kwa Hawar, ikakubali. Uamuzi wa 2001 unafunga kwa sababu nchi mbili huru zilikwenda mbele ya majaji. Ninachopinga ni kuipandisha barua ya 1939 ikawa sheria.

Tazama Janan, kisiwa kidogo kusini mwa Hawar. Barua ya 1939 haikukitaja. Desemba 1947, Waingereza walipokuwa wakigawa sakafu ya bahari, waliandika kwamba Janan haimo katika Hawar. Mahakama ikaichukua barua hiyo kuwa ndiyo tafsiri sahihi ya ile ya kwanza, kisiwa kikaenda Qatar, kura 13 kwa 4. Aliyeandika ndiye aliyetafsiri, miaka minane baadaye, na safari hii mwenye nchi hakuulizwa.

Lakini mpaka wa bahari ambao Waingereza waliuchora mwaka huohuo wa 1947, mahakama iliuweka pembeni, kwa kuwa hakuna upande uliodai unaufunga, ikachora wake. Huko majaji walifanya kazi hasa. Walishuka hadi Qit'at Jaradah, kipande cha mchanga ambacho maji yakijaa hubaki mita 12 kwa 4, wakahoji kama ni kisiwa au si kisiwa, nani aliweka nini pale, wakaipa Bahrain kwa sababu walizozieleza. Fasht ad Dibal wakaipa Qatar, nazo sababu zimeandikwa.

Hawar ilistahili kupimwa vivyo hivyo. Mdau wa Mombasa huenda angeshinda, kwa mahodhi yake na makaburi yake.