Nchi moja ikiyumba, ukanda mzima unalipa: tupeane uzoefu, Afrika Mashariki

Karani wa Kilindini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni wakala wa forodha Mombasa, kazi hii niliianza kabla ya uchaguzi wa Kenya wa 2007. Nchi yoyote ya ukanda wetu ikiingia kwenye vurugu, mjadala wote unakuwa nani kashinda na nani kaonewa. Ni haki yake, watu wanakufa. Ila kuna hasara nyingine isiyopigwa picha: mnunuzi wa ng'ambo, benki na kampuni ya bima wanaanza kutuangalia kwa jicho jingine, na hawaulizi sana huyu ni Mkenya, Mganda au Mrundi. Tusimuliane tuliyoyaona kwa macho yetu, kila mtu kwa kazi yake.

Naanza mimi. Kura zilipigwa Desemba 27, 2007, matokeo yakatangazwa Desemba 30, vurugu zikazuka, na kufikia wiki ya kwanza ya Januari uwanja wa makontena ulikuwa umefurika. Mizigo ya Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo inapita kwetu, na barabara ilikuwa imefungwa kwa mawe na matairi yanayowaka kule Bonde la Ufa. Reli nayo waling'oa pale Kibera. Nilikuwa na mteja wa Kigali mwenye kontena za vipuri. Kila asubuhi ananipigia kuuliza mzigo umefika wapi, namjibu uko palepale. Wenye meli hawana habari na kura zetu: kontena likichelewa kurudi wanadai faini, tena kwa dola, na gharama za kuhifadhi bandarini nazo zinapanda kila siku. Alipomaliza kulipa, faida yote ya mzigo ilikuwa imeliwa.

Mzigo uliofuata aliupitishia Dar es Salaam, na sikumlaumu. Mkataba wa Kibaki na Raila ulisainiwa Februari 28, Kofi Annan akiwa pale, na barabara zikafunguka. Lakini yule mteja hakurudi mzima. Tangu mwaka ule anagawa mizigo yake, nusu Mombasa, nusu Dar, na hadi leo ndivyo anavyofanya, ijapokuwa kugawa kunamgharimu zaidi. Anasema hiyo ndiyo bima yake.

Dereva wa Masafa

Mimi nilikuwa na tanki la mafuta ya Kampala mwezi huohuo. Tulizuiwa Nakuru, kisha tukaondoka kwa msafara, polisi mbele na nyuma, mpaka Malaba. Pale Burnt Forest hakuna aliyethubutu kushusha kioo. Ukiwa umebeba petroli, kiberiti kimoja tu kinatosha. Kampala nilikuta foleni kwenye kila kituo, na bei imepanda zaidi ya mara mbili. Mwenye bodaboda mmoja aliniuliza, "Sisi kosa letu nini?" Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Dada wa Waridi

Nilikuwa msimamizi kwenye banda la kupakia maua Naivasha. Vurugu zilitufikia mwisho wa Januari, na kwa mtu wa maua hakuna wakati mbaya kuliko huo: ndizo wiki za kukata waridi za Siku ya Wapendanao, Februari 14. Wafanyakazi wengi wenye asili ya magharibi mwa nchi walikimbilia kituo cha polisi na watoto wao. Wengine walipakiwa kwenye malori wakarudishwa makwao na hawakuonekana tena.

Waridi halisubiri. Linakatwa likiwa bado limefumba, linaingia kwenye ndoo ya maji, linakimbizwa chumba cha baridi kabla jua halijapanda. Likishafunguka shambani, huko Uholanzi halina bei. Tulibaki wachache, tukikata tangu alfajiri, na jioni magari yanakwenda uwanja wa ndege chini ya ulinzi. Maua mengi yalifika, na hilo watu wengi hawalijui. Tulipigana sana yafike.

Tatizo lilikuja baadaye. Mnunuzi wetu mmoja alimwambia bosi kwamba mwaka unaofuata atachukua sehemu ya oda yake Ethiopia, ambako mashamba mapya yalikuwa yanafunguliwa kwa kasi. Hakuwa na lalamiko lolote juu ya maua yetu. Alitaka tu asitegemee nchi moja. Mkataba ulipunguzwa, na waliopunguzwa kazi ni wale akina mama waliokuwa wamebaki kukata maua.

Mzee wa Arusha

Vijana wangu, mmeanzia mbali sana mbele. Turudini 1977.

Nilikuwa dereva wa watalii. Wakati ule mgeni alishuka Nairobi, akapanda gari la kampuni ya Nairobi, akaja Serengeti na Ngorongoro, akarudi kulala Nairobi. Dunia ilituuza kama bidhaa moja. Shirika la ndege la pamoja likafa, na Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka. Magari ya utalii ya Kenya yaliyokutwa upande wetu yalizuiliwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikafa mwaka huohuo. Mpaka haukufunguliwa hadi 1983.

Wapo waliofurahi, wakisema sasa watalii watashukia kwetu. Hawakushuka. Wakala wa London alikuwa anauza safari moja yenye Masai Mara na Serengeti ndani yake, na Serengeti ilipotoka, alibaki na Mara akaendelea na biashara. Mimi nilikaa bila kazi, mwishowe nikarudi kulima.

Halafu ikaja vita ya Kagera na Uganda ya Idi Amin, Oktoba 1978 hadi 1979, na bei ya mafuta duniani ikapanda wakati huohuo. Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18. Iliisha, mikanda ikabaki palepale. Sabuni ikawa ya kupanga foleni. Viwanda havikuwa na vipuri kwa sababu hakukuwa na dola, na dola hazikuwepo kwa sababu mazao hayakusafirishwa vya kutosha, na mazao hayakusafirishwa kwa sababu malori hayakuwa na vipuri. Tulizunguka humo kwa miaka. Mwaka 1986, chini ya Mzee Mwinyi, tukasaini na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, na dola moja ikatoka kama shilingi 17 hadi 40. Nchi iliyokuwa inasikilizwa duniani kote kwenye mambo ya ukombozi ikaenda kupiga magoti kuomba fedha za kuagiza vipuri. Sisemi vita haikuwa ya haki. Amin alituvamia. Lakini hata vita ya haki inakuja na bili.

Mchumi wa Thika

Shikamoo mzee. Mada nzuri, ila naomba nipishane kidogo na mwanzisha uzi. Si kweli kwamba dunia haitutofautishi. Vurugu za 2008 zilishusha ukuaji wa Kenya kutoka karibu asilimia 7 hadi chini ya asilimia 2, lakini 2014, miaka sita tu baadaye, Kenya iliuza hati fungani za dola kwa mara ya kwanza na wawekezaji wakagombania. Dola bilioni 1.5 za miaka kumi zilipatikana kwa riba ya asilimia 6.875. Februari 2024 tukarudi sokoni kutafuta fedha za kulipia deni lile, safari hii kwa asilimia 9.75. Nakubali riba zilikuwa zimepanda dunia nzima, kwa hiyo si zote za kujilaumu.

Kisha Juni 2024 vijana wakaingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha uliotaka kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi. Bunge likavamiwa tarehe 25, watu wakauawa, Rais akaukataa muswada. Julai 8 Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, wakaishusha alama ya Kenya kutoka B3 hadi Caa1. Lakini Machi ya mwaka uleule walikuwa wameipandisha Tanzania hadi B1, alama ya juu kuliko hizo. Kwa hiyo wanatofautisha. Nikiwa mmoja wa waliokuwa barabarani, nakerwa sana na wanaosema sisi ndio tuliiharibia nchi jina. Deni lilikuwepo kabla hatujabeba bendera.

Karani wa Kilindini

Mchumi, umenifundisha, na juu ya deni niko nawe. Mwenye hati fungani ana karatasi ya kila nchi mezani, anatofautisha. Mwenye kontena hana nafasi hiyo. Uganda ingepewa alama nzuri kiasi gani, Januari 2008 mafuta yake yalikuwa yamekwama Nakuru. Nchi isiyo na bahari inakopa jina la jirani yake, likiwa zuri au baya. Hilo ndilo nililotaka kulisema.

Mama Kahawa wa Goma

Mimi nafanya biashara ya kahawa, hivyo naongea juu ya leo. Waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu Februari. Benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Mnunuzi wa Ulaya aliyekuwa anatutumia sehemu ya malipo kabla ya mavuno akasema benki yake haimruhusu kutuma fedha kwenye mji usio na benki. Ukimfikiria, ana haki. Mimi naye mkulima wangu ananingoja.

Ikawa tunavuka Petite Barrière, kivuko cha mpakani, kwenda Gisenyi upande wa Rwanda kutafuta pesa taslimu na kurudi nazo mwilini. Noti za faranga zimechakaa mpaka namba hazisomeki, kwa sababu mpya haziji. Dola yenye mpasuko mdogo pembeni hakuna anayeipokea. Mkulima akichoka anauza kwa magendo ng'ambo ya mpaka kwa bei ya kutupa, na kahawa ya Kivu inasafiri ikiitwa jina jingine. Tulihangaika miaka mingi ili jina la Kivu liandikwe kwenye gunia. Hilo linaniuma kuliko hela.

Dalali wa Mnada

Pole sana Mama Kahawa. Mimi niko kwenye mnada wa chai Mombasa, na kwetu mara nyingi msukosuko unatoka kwa mnunuzi. Pakistan, mnunuzi wetu mkubwa kuliko wote, iliishiwa dola mwanzoni mwa 2023 na makontena yakakwama Karachi. Misri nayo ikahangaika na dola mpaka ilipoiachia pauni yake Machi 2024. Sudan iko vitani tangu Aprili 2023, na Machi 2025 serikali ya jeshi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya baada ya wapinzani wao wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi, kukutana Nairobi. Kuna mzigo wangu ulikuwa umeshauzwa, umeshapakiwa, unangoja meli ya Port Sudan. Tuliushusha tukaurudisha ghalani, na ulipouzwa tena ulishakuwa wa zamani, bei ikashuka.

Mkulima wa Kericho hakuhudhuria mkutano wowote Nairobi. Mwenye uzoefu wa kupata mnunuzi mpya nje ya hao watatu anisaidie hapa. Nataka hasa kujua mlimalizaje suala la malipo mara ya kwanza, mteja asipowajua nanyi hamumjui.