MREJESHO: Binti kaanza chekechea, aliyelia ni mimi

Jamani nimerudi. Wiki iliyopita niliwauliza nifanyeje na binti yangu wa miaka 4 anayeanza chekechea maana hajawahi kukaa hata nusu saa bila mimi, wengi mkasema usimtoroke, muage kabisa halafu sepa.

Basi leo saa moja na nusu tuko getini, sketi ya yunifomu inamfika kwenye vifundo (nilichukua kubwa makusudi, ataikulia), begi limemzidi mgongo, ndani kuna chupa ya uji na chapati moja, nikachuchumaa nikamwambia mama anaenda atakufuata saa sita, moyoni nasema sasa ndo kinanuka. Wapi! Kaona bembea, kaniachia mkono na hata hakugeuka. Mimi ndo nikajibanza nyuma ya ukuta na kanga machoni mpaka mlinzi akaniletea kiti bila kuuliza kitu, nadhani kashatuzoea.

Saa sita namkuta ana soksi moja, uji umemkaukia shavuni, eti "mama mbona umewahi?"

Kesho anaenda na baba yake. Soksi bado haijaonekana.